Vinu kumi kwa mwaka: kuuelewa mpango wa nyuklia wa China

Mwishoni mwa Aprili 2025, Baraza la Serikali la China liliidhinisha kwa mkupuo mmoja ujenzi wa vinu kumi vya nyuklia, kwa gharama inayozidi yuani bilioni 200. Agosti ya mwaka uliotangulia lilikuwa limeidhinisha kumi na kimoja. Mwaka 2023 vilikuwa kumi, na mwaka 2022 kumi vilevile. Kila habari ya aina hii inapotoka, mabishano huwa yaleyale. Yupo anayesema China sasa imeyapa kisogo makaa ya mawe. Yupo anayesema umeme ni kisingizio tu, kinachotafutwa ni mabomu. Mwingine anauliza kama ajali ya nyuklia ya Chernobyl imeshasahaulika, na mwingine anashangaa kwa nini nchi inayoongoza duniani kwa umeme wa jua ihangaike na urani.

Maswali hayo yana majibu, na mengi hayamtaki msomaji awe mwanafizikia. Kinachovuruga zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mpango huu ni mkubwa mno ukiupima kwa kipimo cha dunia, lakini ni mdogo ukiupima kwa China yenyewe. Watu hushika upande mmoja na kuuacha mwingine. Basi tuanze chini kabisa, kwenye kinu chenyewe.

Joto linatoka wapi

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe na ule wa nyuklia humalizia kazi kwa namna moja: joto linageuza maji kuwa mvuke, mvuke unasukuma mapangaboi ya turbini, turbini inazungusha jenereta, na umeme unaingia kwenye gridi. Tofauti iko mwanzoni. Kwenye makaa kuna moto, na moto hutoa moshi na hewa ukaa. Ndani ya kinu cha nyuklia hakuna kinachoungua. Chembe ndogo sana iitwayo nyutroni inakigonga kiini cha atomi ya urani, kiini kinapasuka vipande viwili, joto linatoka, na pamoja nalo zinatoka nyutroni nyingine mbili au tatu ambazo nazo huenda kupasua viini vingine. Mfululizo huo ukiachwa uongezeke ovyo, joto linapanda ovyo. Ukizuiwa kupita kiasi, kinu kinazimika. Ndiyo maana ndani ya kinu kuna vijiti vya kudhibiti, vinavyonyonya nyutroni, ambavyo hushushwa na kupandishwa ili mwendo ubaki sawasawa.

Tutenganishe pia maneno mawili ambayo habari nyingi huyachanganya. Kinu ni kitengo kimoja chenye mfululizo wake wa mpasuko. Kituo ni eneo zima, ambalo laweza kuwa na vinu viwili, vinne, sita au zaidi. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba China iliidhinisha vinu kumi, na kwingine kwamba iliidhinisha miradi mitano, usidhani gazeti moja limekosea. Vile vinu kumi vya Aprili 2025 viligawanywa katika maeneo matano, yakiwemo Sanmen mkoani Zhejiang, Taishan mkoani Guangdong na Fangchenggang huko Guangxi, karibu na mpaka wa Vietnam.

Halafu kuna vipimo. Megawati hueleza mtambo unaweza kusukuma umeme kwa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Kilowati-saa, ambayo wengi huiita uniti, hueleza umeme uliotoka kweli na kutumika. Mitambo miwili inaweza kuwa na megawati sawa lakini mmoja ukatoa uniti mara sita ya mwenzake kwa mwaka, kwa sababu tu unafanya kazi usiku na mchana. Tutahitaji tofauti hii tutakapofika kwenye jua na upepo.

Fueli yenyewe ni tembe ndogo za urani, ndogo kuliko ncha ya kidole, zilizopangwa ndani ya mirija mirefu ya metali iitwayo zirkoni. Tembe moja hutoa nishati inayokaribia ile ya tani moja ya makaa ya mawe. Mtambo wa makaa wa megawati 1,000 unaweza kuunguza tani milioni tatu kwa mwaka, treni baada ya treni. Kinu cha nyuklia cha ukubwa huo hutumia tani chini ya 30 za fueli. Kwa nchi ambayo makaa yake mengi yako kaskazini na kaskazini-magharibi, katika mikoa kama Shanxi na Mongolia ya Ndani, huku viwanda vyake vingi vikiwa pwani ya mashariki na kusini, hesabu hiyo ya mizigo pekee inatosha kuwafanya wapangaji waitazame nyuklia kwa makini.

Kubwa duniani, ndogo nyumbani

Mwaka 2025 China ilikuwa na vinu vinavyofanya kazi vipatavyo 57 au 58, karibu sawa na Ufaransa. Marekani ina 94. Lakini ukitazama vinavyojengwa, China peke yake ina takriban 30, karibu nusu ya vyote vinavyojengwa duniani. Ndiyo maana wanaofuatilia nishati husema mustakabali wa nyuklia unaamuliwa Beijing, na kwa kipimo hicho wana haki.

Sasa geuza kioo. Ufaransa hupata zaidi ya asilimia 60 ya umeme wake kutoka kwenye vinu hivyo 57. China, kwa idadi ileile, hupata karibu asilimia 5. Mwaka 2024 nchi hiyo ilitumia takriban uniti trilioni 9.85. Kinu kimoja cha kisasa cha Kichina, kile kiitwacho Hualong One, kina uwezo wa megawati zipatazo 1,100 na hutoa karibu uniti bilioni 10 kwa mwaka. Yaani kinu kizima, kilichojengwa kwa miaka mitano au sita, ni kama sehemu moja kati ya elfu ya mahitaji ya nchi.

Kuna hesabu nyingine ninayodhani ndiyo muhimu kuliko zote katika mjadala huu. Kati ya 2023 na 2024 matumizi ya umeme ya China yaliongezeka kwa zaidi ya uniti bilioni 600. Hilo ni ongezeko la mwaka mmoja tu. Vinu vyote vya nyuklia vya nchi hiyo kwa pamoja, vilivyojengwa kwa zaidi ya miaka thelathini, vilitoa uniti zipatazo bilioni 450 mwaka huohuo. Ongezeko la miezi kumi na miwili liliushinda umeme wote wa nyuklia.

Umeme huo unakwenda wapi? Sehemu kubwa inaliwa na viwanda: alumini, kemikali, chuma, betri, na hata viwanda vya kutengeneza paneli za sola zenyewe. Viyoyozi navyo vinavuta sana nyakati za joto kali. Magari ya umeme, pamoja na yale yanayochajiwa huku yakiwa na injini ya mafuta, yalikaribia nusu ya magari mapya yaliyouzwa nchini humo mwaka 2024. Vituo vya kuhifadhi na kuchakata data vinaongezeka. Nchi inapoacha petroli na kuhamia umeme, mzigo hauyeyuki, unahamia kwenye gridi.

Kwa hiyo anayesema China imeachana na makaa kwa sababu inajenga nyuklia hajaitazama hesabu. Zaidi ya nusu ya umeme wake bado unatokana na makaa ya mawe, na mwaka 2024 ilianza kujenga mitambo mipya ya makaa yenye uwezo wa zaidi ya gigawati 90 (gigawati moja ni megawati 1,000). Ahadi aliyoitoa Rais Xi Jinping mwaka 2020 ni kwamba utoaji wa hewa ukaa utafika kilele kabla ya 2030 na kufutika kihesabu, yaani kinachotolewa kilingane na kinachofyonzwa, kabla ya 2060. Nyuklia ni sehemu ya njia hiyo. Haiwezi kuwa njia yote.

Kwa nini wasitumie jua na upepo tu

Swali hili ni la haki kabisa, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Mwaka 2024 China ilifunga takriban gigawati 277 za umeme wa jua. Uwezo wa vinu vyake vyote vya nyuklia ni takriban gigawati 60. Mtu akiziweka namba hizo mbili sambamba, nyuklia inaonekana kama kitu cha kupoteza muda.

Hapo ndipo ile tofauti ya megawati na uniti inapofanya kazi. Kinu cha nyuklia hufanya kazi karibu asilimia 90 ya saa zote za mwaka, kikisimama zaidi kwa ajili ya kubadilisha fueli na matengenezo. Paneli za jua za China, ukichanganya usiku, mawingu na majira ya baridi, hutoa kwa wastani chini ya asilimia 15 ya uwezo wake. Ukizigeuza zile gigawati 277 kuwa uniti, bado ni nyingi sana, zaidi ya nusu ya umeme wa vinu vyote vya nyuklia, na zimefungwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tusijidanganye: jua na upepo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya ongezeko la umeme safi nchini China, na vitaendelea kuibeba.

Lakini umeme una saa na una mahali. Majangwa ya Xinjiang, Gansu na Mongolia ya Ndani yana jua na upepo tele, ila yako maelfu ya kilomita kutoka Guangdong, Fujian, Zhejiang na Jiangsu. China imejenga njia za umeme wa msongo mkubwa kupita kiasi ili kuvuka umbali huo, na kazi hiyo ni ya kustaajabisha, lakini jua likizama linazama kote. Mwezi Agosti 2022 mkoa wa Sichuan, unaotegemea mabwawa kwa karibu asilimia 80 ya umeme wake, ulikumbwa na joto kali na ukame kwa wakati mmoja. Mito ilipungua, viyoyozi vikawashwa, na viwanda vikaamriwa kufungwa kwa siku kadhaa. Wapangaji waliondoka na somo gumu kuhusu kutegemea chanzo kimoja kinachofuata hali ya hewa. Betri, na mabwawa ambayo maji hupandishwa juu umeme ukizidi na kushushwa ukihitajika, husaidia kupitisha saa kadhaa za usiku. Kupitisha wiki nzima ya baridi isiyo na upepo ni jambo jingine. Leo kazi hiyo inafanywa na makaa, na nyuklia inajengwa pwani ili siku moja ichukue sehemu yake.

Kuna matumizi mengine ambayo hayatajwi sana. Mji wa Haiyang, mkoani Shandong, wenye wakazi wapatao 200,000, tangu mwaka 2021 unapashwa joto wakati wa baridi kwa maji yaliyochemshwa na kinu cha nyuklia cha jirani badala ya matanuri ya makaa. Kituo cha Tianwan, mkoani Jiangsu, tangu 2024 kinapeleka mvuke moja kwa moja kwenye viwanda vya kemikali. Huko ndiko makaa mengi huungua bila kupita kwenye mita ya umeme ya mtu yeyote.

Kasi inatoka wapi

Hapa ndipo pana jambo ambalo nchi nyingine zinalitazama kwa wivu, na mara nyingi bila kulielewa. Ufaransa, iliyoifundisha China mengi, ilianza kujenga kinu cha Flamanville 3 mwaka 2007. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, baada ya miaka kumi na saba. China ilianza kujenga kinu cha aina hiyohiyo huko Taishan mwaka 2009, na mwaka 2018 kilikuwa kinatoa umeme. Marekani ilijenga vinu viwili vya aina ya AP1000, muundo wa Kimarekani, kwenye kituo cha Vogtle, jimbo la Georgia, kwa zaidi ya dola bilioni 30. Vile kumi vya Aprili 2025, ukigawa zile yuani bilioni 200 na ushee, kila kimoja kinakaribia dola bilioni 3.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba Wachina hukata kona kwenye usalama, au kwamba wafanyakazi wao ni wa bei rahisi. Ujira unachangia, ila si kiini cha jambo. Fikiria fundi cherehani anayeshona sare za shule mwaka mzima. Kipimo anakijua, kitambaa kipo dukani, vifungo vinakuja kwa mafungu, na sare ya sitini anaishona kwa nusu ya muda wa ile ya kwanza. Sasa mfikirie mwenzake anayepewa suti moja ya harusi, kisha anakaa miaka ishirini bila oda nyingine. Atakapopewa ya pili, wasaidizi wake wameshatafuta kazi nyingine, muuza vitambaa amefunga duka, na mteja anabadilisha mtindo katikati ya kushona. Marekani na Ufaransa zilikaa muda mrefu bila kuanza kinu kipya. China haikupumzika kiasi hicho.

Na ushahidi kwamba tofauti ni mazoea, wala si muujiza wa Kichina, uko China kwenyewe. Kinu cha kwanza cha AP1000 duniani kilijengwa Sanmen. Kilianza mwaka 2009, kikakwama kwa pampu, kwa michoro iliyobadilika na kwa vipuri ambavyo havijawahi kutengenezwa popote, na kikaanza kutoa umeme mwaka 2018, miaka kadhaa baada ya tarehe iliyopangwa. Cha kwanza huwa kigumu kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba China iliendelea kuagiza cha pili, cha tatu na cha kumi.

Safari yenyewe ilianza polepole. Kinu cha kwanza cha kibiashara kilichobuniwa nchini, Qinshan, chenye megawati 300 tu, kiliunganishwa na gridi Desemba 1991. Daya Bay, karibu na Hong Kong, kikafuata mwaka 1994 kwa teknolojia ya Ufaransa. Kutoka kwenye michoro hiyo ya Kifaransa wahandisi wa Kichina waliendelea kuboresha hadi wakafika kwenye Hualong One. Cha kwanza cha aina hiyo, Fuqing 5 mkoani Fujian, kilianza kujengwa mwaka 2015 na kuingia kazini rasmi Januari 2021. Viwili vingine vinafanya kazi Karachi, Pakistan.

Sababu ya pili ni riba. Gharama kubwa ya nyuklia hulipwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Mkopo wa mabilioni ukikaa miaka sita kwa riba ndogo ya benki za serikali, unabebeka. Ukikaa miaka kumi na saba kwa riba ya soko, unameza mradi. Kampuni zinazojenga, CNNC, CGN na SPIC, ni za serikali, wanunuzi wa umeme ni wa serikali, na wakopeshaji ni wa serikali. Nchi isiyo na mpangilio huo haiwezi kununua kinu cha Kichina na kutarajia ipate na bei ya Kichina.

Bomu, Chernobyl na Fukushima

Kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomi, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Urani inayochimbwa ardhini ina asilimia 0.7 tu ya aina ile inayopasuka kwa urahisi, urani 235. Kwa ajili ya kinu, kiwango hicho hupandishwa hadi asilimia 3 au 5. Hiyo ndiyo kazi iitwayo urutubishaji. Kwa bomu hupandishwa hadi karibu asilimia 90. Fueli ya kinu haina msongamano wa kutosha kufanya mlipuko wa namna hiyo, hata mtu akikusudia.

China ina mabomu ya nyuklia tangu 1964, miaka ishirini na saba kabla ya kuwa na umeme wa nyuklia, kwa hiyo haikuhitaji vinu hivi ili kuyapata. Wasiwasi halali uko kwenye eneo jembamba zaidi: vinu vya aina tofauti vilivyojengwa Xiapu, Fujian, ambavyo kwa namna vilivyobuniwa vinaweza kuzalisha plutoni, metali inayoweza kutengenezewa mabomu, pamoja na uamuzi wa China wa kuacha kutangaza kila mwaka akiba yake ya plutoni ya kiraia. Hilo linastahili kuulizwa, ila lisipakwe kwenye kila kinu cha pwani.

Kwa hiyo hatari ya kweli ni ipi? Ni joto. Na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili huwezi kuelewa Fukushima wala mashine zinazojengwa sasa. Ukishusha vijiti vyote vya kudhibiti, mpasuko unasimama ndani ya sekunde chache. Lakini vipande vya atomi vilivyokwisha kupasuka vinaendelea kuoza vyenyewe, na kuoza huko hutoa joto. Mara baada ya kuzimwa, kinu bado kinatoa karibu asilimia 6 ya joto lake la kawaida. Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, hizo ni megawati 180, na hakuna swichi ya kuzizima. Zinapungua zenyewe kwa saa, siku na wiki. Katika muda huo wote maji lazima yaendelee kupita.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipoipiga Japani, vinu vya Fukushima vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima kama vilivyotakiwa. Kisha tsunami ikafunika jenereta za dharura, pampu zikasimama, na vinu vitatu vikayeyuka kwa joto hilo la mabaki. Milipuko iliyoonekana kwenye televisheni ilikuwa ya gesi ya hidrojeni. Chernobyl, mwaka 1986, ilikuwa ajali ya aina nyingine: kinu chenye ubunifu uliofanya nguvu ipande pale ilipotakiwa kushuka, kisichokuwa na jengo zito la kukifunika. Vinu vinavyojengwa China leo vina jengo hilo, na aina kama AP1000 zina matangi ya maji yaliyowekwa juu, ili maji yashuke kwa uzito wake kwa saa 72 bila umeme wala mtu kubonyeza kitu. Huko Shidaowan, Shandong, kuna kinu kidogo kilichoingia kazini Desemba 2023 kinachotumia mipira ya fueli na kupozwa kwa gesi ya heli. Mwaka 2023 wahandisi walikikatia umeme wa kupoza kwa makusudi, na kikapoa chenyewe. Jaribio kama hilo kwenye kinu halisi cha biashara halikuwahi kufanyika kabla.

China yenyewe iliogopa Fukushima kuliko watu wanavyokumbuka. Siku tano tu baada ya tetemeko, serikali ilisimamisha vibali vyote vipya. Viliporudi mwishoni mwa 2012, vilikuwa vya pwani tu. Kati ya 2016 na 2018 hakikutolewa kibali hata kimoja. Huu mwendo wa vinu kumi kwa mwaka una umri wa miaka michache.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya mitambo ni uwazi. Mwaka 2021 vyombo vya habari vya nje viliripoti tatizo kwenye kinu cha Taishan 1 kabla wananchi wa China hawajaelezwa. Mamlaka zikaeleza baadaye kwamba mirija takriban mitano ya fueli, kati ya zaidi ya 60,000, ilikuwa imepata ufa, kiwango ambacho kinu kinaweza kukistahimili. Kampuni ya Ufaransa yenye hisa, EDF, ilisema kama kinu hicho kingekuwa Ufaransa kingezimwa. Kilizimwa mwishoni mwa Julai mwaka huo, kikarudi kazini mwaka uliofuata. Hakuna aliyedhurika. Lakini imani ya umma hujengwa kwa kusema mapema, na wananchi wa China wameonyesha kwamba wanajali. Wakati Daya Bay inapangwa, takriban watu milioni moja wa Hong Kong walisaini kuipinga. Mwaka 2013 maandamano ya Jiangmen yaliua mpango wa kiwanda cha kusindika urani, na mwaka 2016 wakazi wa Lianyungang waliusimamisha mpango wa kiwanda cha kuchakata fueli iliyotumika.

Taka na urani

Fueli iliyotumika ndiyo taka kali yenyewe. Kinu kimoja kikubwa hutoa tani zipatazo 20 hadi 25 kwa mwaka. Kwa ujazo ni kidogo, kwa sababu urani ni nzito mno, lakini inabaki na mionzi hatari kwa maelfu ya miaka. Kwanza hukaa kwenye mabwawa ya maji ndani ya kituo kwa miaka kadhaa, kisha huhamishiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege. Kaburi la kudumu China haina bado. Kinachojengwa tangu 2021 ni maabara ya chini ya ardhi huko Beishan, kwenye jangwa la Gobi mkoani Gansu, itakayofika kina cha mita 560, ili kuupima mwamba kabla ya kuamua. Anayesema tatizo la taka limetatuliwa anasema haraka mno. Anayesema halina ufumbuzi naye aangalie Finland, ambako mahandaki ya Onkalo yameshachimbwa ndani ya mwamba.

Urani yenyewe China inayo kidogo ikilinganishwa na mahitaji yake, hivyo hununua, hasa Kazakhstan, na imenunua migodi. Mgodi wa Husab, kwenye jangwa la Namib nchini Namibia, unamilikiwa kwa sehemu kubwa na CGN. Mgodi jirani ulioutangulia, Rössing, tangu 2019 uko mikononi mwa CNNC.

Inakokwenda

Chama cha Nishati ya Nyuklia cha China kinatarajia nyuklia itafika karibu asilimia 10 ya umeme wa nchi ifikapo 2035. Vinu kumi kwa mwaka vinaongeza takriban uniti bilioni 100 kila mwaka vinapokamilika. Ukizilinganisha na ongezeko la mwaka kama 2024, ni sehemu moja kati ya sita. Mahitaji yakipungua kasi, sehemu hiyo inakua. Yakiendelea kukimbia, sola na upepo ndivyo vitakavyolazimika kufukuzana nayo.

Kikwazo kinachokuja ni pwani yenyewe. Vinu vyote vya kibiashara vinavyofanya kazi China leo viko kando ya bahari, na maeneo yenye mwamba imara, maji ya kutosha na umbali unaofaa kutoka mijini yana kikomo. Katika mikoa ya Hunan, Hubei na Jiangxi, kwenye bonde la mto Yangtze, kuna viwanja vitatu vilivyoanza kuandaliwa kabla ya 2011 na kusimamishwa tangu hapo: Taohuajiang, Xianning na Pengze. Yangtze hunywesha mamia ya mamilioni ya watu, na kiangazi cha 2022 kilionyesha jinsi mto huo unavyoweza kupungua maji. Mikoa hiyo haina makaa mengi, haina jua la Xinjiang, na inaendelea kuomba. Serikali kuu haijakubali.